Kifaa cha kupima magofu hakitafuti dhahabu

Timu ya upimaji ikionekana kwenye eneo la kale, ikisukuma kitoroli au kubeba fimbo ndefu, uvumi huanza: dhahabu imepatikana. Usiku watu wanakuja na sururu. Malalamiko kuhusu mashimo hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya.

Jiofizikia, yaani kuchunguza yaliyo chini ya ardhi kwa vifaa bila kuchimba, hupima tofauti. Ukuta wa mawe uliofukiwa hupitisha umeme kwa shida kuliko udongo wenye unyevu unaouzunguka, ilhali mtaro wa kale uliojaa udongo laini huupitisha kwa urahisi. Mwanaakiolojia Richard Atkinson alitumia njia hiyo ya kupima umeme ardhini huko Dorchester-on-Thames, Uingereza, mwaka 1946. Magnetomita nayo husoma uga wa sumaku wa dunia, ambao ni kati ya nanotesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 25,000 na 65,000 hivi, ikitafuta mabadiliko ambayo pengine ni ya nanotesla chache tu. Tanuri la vyungu huonekana vizuri kwa sababu udongo uliochomwa sana ukipoa hubaki na sumaku yake. Hivyo ndivyo mtafiti Martin Aitken alivyoyapata matanuri ya Kirumi huko Water Newton, Uingereza, mwaka 1958. Rada ya kupenya ardhini hutuma mawimbi ya redio na kupima muda yanaotumia kurudi, kwa hiyo hukadiria na kina. Mwaka 2020 watafiti walichapisha ramani ya mji mzima wa kale wa Kirumi wa Falerii Novi, Italia, zaidi ya hekta 30, pamoja na soko, hekalu na bafu, bila kuufukua. Kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa au udongo wa chumvi, rada hiyohiyo haifiki mbali.

Sasa dhahabu. Magnetomita hupita juu yake bila kuitambua, kwani dhahabu haivutwi na sumaku. Doa jeusi kwenye ramani zetu huweza kuwa jalala, jiko au msumari. Na msumari mmoja wa juzi hutoa madoa mawili yaliyogandana, jeusi na jeupe, yakafunika msingi wa nyumba nzima. Ndiyo maana mpimaji huvua mkanda na saa, huacha simu na funguo mbali, huvaa viatu visivyo na chuma, na hata zipu ya suruali hukaguliwa. Anatembea kwa mwendo uleule, mstari baada ya mstari, ndani ya miraba ya mita 20 au 30. Halafu anakuta watu wametupa waya na vizibo vya chupa katikati ya eneo. Tafadhali, acheni.

Huko Songo Mnara, Tanzania, upimaji wa sumaku ulionyesha dalili za nyumba za miti na udongo mahali palipoonekana patupu kando ya majumba ya mawe. Nyumba ya namna hiyo huacha sakafu nyembamba na udongo uliopata moto. Sururu ikipita mara mbili, imekwisha, na hakuna kifaa cha kuirudisha.

Kuhusu kibali, wengi hudhani kwamba asiyechimba hahitaji. Sivyo. Uingereza, kwa mfano, kifungu cha 42 cha sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1979 hukataza kutumia kitambua metali kwenye eneo linalolindwa bila idhini ya maandishi, na hata mtafiti mwenye magnetomita huiomba. Kwa kawaida maombi huambatana na ramani ya mipaka, vipimo vya GPS vya kona zote, aina ya kifaa, nafasi kati ya mistari, jina la msimamizi na tarehe ya kukabidhi ripoti. Ridhaa ya mwenye shamba ni hati nyingine. Haichukui nafasi ya kibali, wala kibali hakichukui nafasi yake. Na kibali cha kupima si kibali cha kuchimba. Adhabu hutofautiana nchi kwa nchi: faini, kifungo, kutaifishwa kwa kifaa. Soma sheria ya nchi yako kabla ya kununua kifaa, si baada ya kukamatwa.

Mkikuta vigingi vidogo kwenye eneo la kale, msiving'oe. Ndivyo vinavyounganisha ramani na ardhi. Kikisogezwa kimoja, wachimbaji watafungua shimo pasipo na ukuta. Jembe lako likigonga mawe yaliyopangwa, simama hapo, piga picha, yafunike kwa udongo uleule, kisha uitaarifu ofisi ya mambo ya kale.