Nini kiingie kwenye msimbo wa pamoja wa seva na kivinjari

Tangu Ryan Dahl alipoitoa Node.js, programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, mwaka 2009, akitumia injini ya V8 iliyomo pia ndani ya Chrome, seva na kivinjari vinaweza kuendesha faili ileile ya JavaScript. Kwenye mifumo ninayoijenga, folda ya pamoja ina kitu kimoja tu: kanuni za kazi, yaani masharti ambayo data lazima iyatimize popote ilipo. Mengine yote kila upande una yake.

Chukua namba ya simu ya Tanzania. Mmoja ataanza na 0712, mwingine +255712, wa tatu ataweka nafasi katikati. Fanksheni yangu, yaani kipande cha msimbo kinachofanya kazi moja, huondoa nafasi na alama ya kujumlisha, hugeuza sifuri ya mwanzo kuwa 255, kisha huhakikisha tarakimu ni 12. Kivinjari huiita mteja akiwa bado anaandika, aone kosa papo hapo hata mtandao ukiwa wa kusuasua. Seva nayo huiita upya, kwa kuwa yeyote anaweza kuipelekea seva data bila kuigusa fomu. Kanuni hiyo ukiiandika mara mbili, kwa PHP huku na JavaScript kule, ipo siku utarekebisha upande mmoja tu. Fomu itakubali, seva itakataa, na mteja wa watu atabaki njia panda.

Fanksheni hii inashirikika kwa sababu haigusi chochote cha nje: haiulizi window, yaani dirisha la kivinjari, ambalo seva haina, wala haifungui hifadhidata. Hapo sina mzaha kabisa. Faili ya pamoja ikivuta faili yenye nenosiri la hifadhidata, nenosiri hilo laweza kufika kwenye simu ya kila anayefungua ukurasa. Ndiyo maana Next.js, mfumo wa kujengea tovuti, hupeleka kwenye kivinjari zile tu thamani za mazingira (mipangilio inayowekwa nje ya msimbo) ambazo majina yake yanaanza na NEXT_PUBLIC_.

Kinachosumbua kuliko vyote ni saa. Seva nyingi za kukodi huenda kwa UTC, saa ya rejea ya dunia, na Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu. Risiti ya saa nane usiku, tarehe 1 Januari, seva itaiandika 31 Desemba ya mwaka uliopita. React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, ikija kuupokea ukurasa huo kwenye kivinjari, itakuta tarehe mbili zinazopingana na kutoa onyo. Lugha nayo ni vivyo hivyo: Node kabla ya toleo la 13 ilikuja na data ya Kiingereza pekee, hivyo seva iliandika "January" pale kivinjari kilipoandika "Januari".

Mimi huhifadhi muda kwa UTC, kisha fanksheni ya kuandika tarehe naipa eneo la saa waziwazi, Africa/Nairobi au Africa/Dar_es_Salaam, pamoja na lugha. Majaribio nayaendesha mara mbili, kwanza eneo la saa la mashine likiwa TZ=UTC, halafu TZ=Africa/Nairobi. Majibu yakitofautiana, kuna mahali fanksheni bado inachungulia saa ya mashine.