SSD za Seva Zinazosoma Zaidi: Dhana Potofu na Ukweli

Watengenezaji hugawa SSD za seva, yaani diski zinazohifadhi data kwenye chipu, mafungu matatu: za kusoma zaidi, za matumizi mchanganyiko na za kuandika zaidi. Kinachozitenganisha ni DWPD, yaani mara ngapi kwa siku unaweza kuiandika diski nzima hadi waranti iishe, kwa kawaida baada ya miaka 5. Fungu la kwanza lina DWPD 1 au pungufu, la pili karibu 3, la tatu hufika 10. Mgawanyo huu una maana yake, ila umezaa imani ambazo huwapotezea watu fedha, na wakati mwingine data.

"Diski ya DWPD 1 ni dhaifu kuliko ya DWPD 3."

Mara nyingi ni diski ileile. Tazama ukubwa wake: katika toleo moja utakuta ya terabaiti 3.84 na ndugu yake ya 3.2. Kwa kawaida chipu za ndani ni zilezile. Tofauti ni kwamba ya pili imefichiwa nafasi zaidi, na kidhibiti, chipu inayoiongoza diski, huitumia kupangia upya data bila kuchakaza haraka seli, vijumba vinavyoshika data. Ukilipia DWPD 3, kwa sehemu kubwa umelipia akiba hiyo.

Tena DWPD ni uwiano, haina maana bila ukubwa. Diski ya terabaiti 7.68 yenye DWPD 1 inaruhusu kuandikwa terabaiti 7.68 kwa siku. Ya terabaiti 1.6 yenye DWPD 3 inaruhusu 4.8. Hiyo "dhaifu" ndiyo inayobeba mzigo mkubwa zaidi.

"Seva yangu inasoma tu, haiandiki."

Hii ndiyo dhana inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu anayeisema mara nyingi hajapima. Chukua nakala ya hifadhidata iliyotengwa kwa ajili ya kusomwa. Maombi ya watumiaji ni ya kusoma, sawa, lakini kila badiliko linalofanyika kwenye seva kuu lazima liandikwe pia huku. Seva ya kache ya video nayo huandika kila kitu kipya kinachoingia na kufuta cha zamani; maktaba ikizidi ukubwa wa diski, uandishi haukomi. Faharasa ya utafutaji huunganisha vipande vyake upya kila mara. Kisha kuna logi, ambazo hakuna anayezikumbuka mpaka zijae.

Kupima ni rahisi. Endesha smartctl, programu inayosoma takwimu za diski, kwenye diski ya NVMe (SSD inayopita PCIe, njia ya kasi ya ndani ya kompyuta) inayotumika sasa, andika namba ya Data Units Written, yaani vizio vilivyoandikwa, rudia baada ya wiki. Kila kizio ni baiti 512,000. Tuseme namba imepanda kwa 2,000,000: hiyo ni takriban terabaiti 1.02 kwa wiki, au gigabaiti 146 kwa siku. Kwa diski ya terabaiti 3.84 ni DWPD 0.04 hivi. Mwenye seva hiyo akinunua diski za DWPD 3 anatupa fedha. Lakini anayepata DWPD 1.5 afikirie upya, hata kama seva yake inaitwa ya kusoma. Data Units Written huhesabu yale tu ambayo seva imeagiza yaandikwe. Uchakavu ambao diski yenyewe inaukadiria uko kwenye mstari wa Percentage Used wa smartctl.

"Kusoma hakuichoshi diski kabisa."

Karibu kweli. Kusoma ukurasa mmoja, kipande kidogo cha data kwenye chipu, hupitisha volti kwenye safu jirani, na ukisoma bloku moja (kundi la kurasa) mara nyingi mno, chaji za jirani huanza kuyumba. Kidhibiti huhesabu usomaji huo na kuihamisha data kabla haijaharibika, na kuihamisha ni kuiandika. QLC, aina ya chipu yenye viwango 16 vya chaji kwa seli badala ya 8 vya aina ya TLC, huhisi zaidi. Hiyo haiifanyi QLC isifae: kwa data kubwa isiyobadilika sana ni chaguo zuri. Usiipe tu uandishi wa vipande vidogo vidogo vya kutawanyika.

"Yenye IOPS nyingi zaidi ndiyo bora."

IOPS ni maombi ya kusoma au kuandika ambayo diski hujibu kwa sekunde. Ile namba ya IOPS milioni moja inayotangazwa hupatikana kwa kurundika mamia ya maombi kwenye foleni. Seva nyingi huwa na machache tu kwa wakati mmoja. Swali la maana ni hili: ombi linalochelewa huchelewa kiasi gani? Kusoma ukurasa wa TLC huchukua makumi ya mikrosekunde. Kufuta bloku huchukua milisekunde kadhaa. Ombi la kusoma likiangukia chipu inayofutwa, husubiri, isipokuwa kidhibiti kinajua kuusimamisha ufutaji kwa muda.

Ukurasa wa tovuti unaohitaji maombi 100 ya diski, huku ombi moja katika 100 likichelewa, una uwezekano wa asilimia 63 wa kukutana na angalau moja lililochelewa. Kwa hiyo tafuta muda ambao maombi 9,999 kati ya 10,000 hujibiwa ndani yake, uliopimwa huku diski ikiandikwa kidogo pia. Na ukipima mwenyewe kwa fio, programu ya kupimia kasi ya diski, ijaze diski nzima kwanza. Diski tupu huweza kujibu sifuri bila hata kugusa chipu, na matokeo yake hupendeza mno.

"PCIe 5.0 itaharakisha kila kitu."

Kadi ya mtandao ya gigabiti 25 hupitisha gigabaiti 3 hivi kwa sekunde. Diski moja ya PCIe 4.0 hutoa karibu 7. Piga hesabu mwenyewe: mtandao hujaa kabla ya diski. Kutoka SATA, kiunganishi cha zamani chenye foleni moja ya amri 32, kwenda NVMe ndiko kwenye hatua kubwa.

"Kwa kusoma, SSD ya kompyuta ya kawaida inatosha."

Kiwango cha JESD218 cha JEDEC, shirika la viwango vya chipu, huipima SSD ya kawaida kwa saa 8 za kazi kwa siku, ya seva kwa saa 24. Kosa lisilorekebishika huruhusiwa moja katika biti 10^15 kwa ya kwanza, moja katika 10^16 kwa ya pili. Diski ya seva pia huwa na kapasita, vihifadhi vidogo vya umeme, za kumalizia uandishi umeme ukikatika, zikilinda hata ramani inayoonyesha data iko wapi.

"Nina RAID, sina wasiwasi."

RAID huunganisha diski kadhaa ili moja ikifa data isipotee. Lakini Novemba 2019 HPE, kampuni inayouza seva, ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za SAS (kiunganishi kingine cha diski za seva) zingekufa zikifika saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, kwa sababu ya kosa la fimwea, programu ya ndani ya diski, na data isingeokolewa. Diski zilizowashwa siku moja zingekufa karibu pamoja, RAID au bila RAID. Dawa ilikuwa kusasisha fimwea mapema, na kwa yeyote aliyechelewa, bakapu iliyoko kwenye diski nyingine.