Je, wajua? Makumbusho ya Kitale yalitanguliwa na wadudu

Wengi hudhani serikali ilijenga Makumbusho ya Kitale, magharibi mwa Kenya, ili kuhifadhi mila za Wabukusu, Wasabaoti, Wapokot na majirani zao, kisha vipepeo na ndege wakaongezwa kujaza kabati. Ilikuwa kinyume. Wadudu walitangulia; jengo likaja karibu nusu karne baadaye.

Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyeishi karibu na Kitale, alianzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926. Alifariki 1966, na katika wosia akawaachia Makumbusho ya Taifa mkusanyo wake, vipepeo wakiwemo, pamoja na fedha za jengo jipya. Lilifunguliwa Desemba 1974 kwa jina la Makumbusho ya Taifa ya Kenya Magharibi. Husemwa kuwa ndiyo makumbusho "ya kwanza bara", yaani mbali na pwani, lakini sifa hiyo ipokee kwa tahadhari: Nairobi ilikuwa na makumbusho tangu 1910, pale iliposimama Nyayo House leo. Ukisema ya kwanza ya mkoa huko bara, hapo sawa.

Sasa, mdudu hudumuje miaka 100 bila kuoza? Akikauka vizuri, haozi. Kipepeo huchomwa pini katikati ya kifua, mabawa yakanyooshwa juu ya ubao na kubanwa kwa vipande vya karatasi mpaka akauke, siku kadhaa au zaidi kukiwa na unyevu. Mbawakawa hupitishwa pini kwenye gamba la bawa la kulia, ili upande wa kushoto ubaki mzima. Chini yake, kwenye pini ileile, huwekwa kikaratasi chenye mahali, tarehe na jina la mkusanyaji. Kikipotea, mdudu ni sawa na hati ya shamba isiyo na namba ya kipande: ipo, lakini haithibitishi chochote.

Adui mkubwa, cha kushangaza, ni mdudu mwenzake. Mabuu ya mbawakawa fulani wadogo hula mizoga mikavu. Ukiona ungaunga wa kahawia chini ya pini, wameshaingia. Sanduku hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki, likagandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au mbili. Joto lishuke haraka, kwani likishuka polepole wengine huizoea baridi wakapona. Na likitoka, mfuko usifunguliwe mpaka sanduku lirudie joto la chumba. Ukiharakisha, umande utatua juu ya mabawa badala ya plastiki, na baada ya hapo ni ukungu.