Husari wa Hungaria: anza na mgongo, kisha ngao

Anayetaka visanamu vidogo vya kupaka rangi vya mahusari, yaani wapanda farasi wa vita, wenye deraya (mavazi ya chuma) kwa jeshi la Hungaria la Vita Virefu dhidi ya Waosmani (Waturuki), 1593 hadi 1606, namwambia akigeuze kisanamu kwanza atazame mgongo. Akikuta mbawa, yaani fremu za mbao zilizopangwa manyoya, huyo ni husari wa Poland, na mara nyingi amechongwa kwa sura ya karne ya 17. Sanduku langu la kwanza liliandikwa "Hungaria", nikalifungua nikakuta mbawa tupu. Iliniuma, maana nilikuwa nimedunduliza miezi kadhaa.

Undugu kati ya husari wa Poland na wa Hungaria upo kweli. Wapanda farasi Waserbia na Wahungaria ndio waliopeleka mtindo huo Poland mwanzoni mwa karne ya 16, na István Báthory wa Transylvania, aliyetawazwa mfalme wa Poland mwaka 1576, akawapanga mahusari wa huko kuwa kikosi kizito cha mikuki. Lakini baada ya hapo kila upande ukashika njia yake. Poland ngao ziliachwa, deraya ikaongezeka. Kwa Wahungaria wengi mambo yakaenda kinyume: deraya ilipungua hadi husari akawa askari mwepesi.

Kwa hiyo ngao ndiyo inayonipa jibu. Ngao ya Kihungaria haina pande sawa: ukingo wa juu unapanda upande mmoja hadi kuwa ncha ndefu, ili kukinga shingo na kisogo dhidi ya upanga uliopinda. Bawa la ndege likiwepo, mara nyingi limechorwa hapo ngaoni.

Kofia ya chuma nayo isikaguliwe juujuu. Inatakiwa iwe na ukingo mbele ya paji, ufito wa kukinga pua unaopita katikati ya ukingo huo, vipande vya mashavu, na bamba zinazopandana nyuma ya shingo. Umbo hilo lina asili ya Kituruki. Kwenye kisanamu cha milimita 28 ufito huo huwa mwembamba kama sindano, na mchongaji mvivu huugandanisha na pua.

Mwilini, shati la pete za chuma linatosha. Wenye uwezo waliongeza bamba za kifuani. Pete hizo nazipaka nyeusi, ikikauka napitisha rangi ya fedha kwa brashi niliyoifuta karibu ikauke, basi kila pete inajitokeza. Kiunoni awe na upanga uliopinda, na chini ya paja, kwenye tandiko, upanga mrefu mwembamba wa kuchoma, wa kupenya kati ya pete.

Farasi awe mwepesi, asivikwe chuma.

Zile mbawa nilizikata kwa wembe, nikaziba matundu kwa gundi ya udongo. Zimo kwenye kopo, zinawasubiri Wapoland wa vita vya Vienna, 1683.