Je, wajua kwa nini kampuni ya meli yaweza kuishinda serikali mahakamani bila kuthibitisha kuwa tozo inayowatoza wateja ni halali?

Kampuni ya meli inapopinga uamuzi wa Tume ya Shirikisho ya Usafirishaji Majini ya Marekani (FMC), chombo cha serikali kinachosimamia kampuni za meli za mizigo, wengi hudhani kesi inaanza upya: mashahidi wataitwa, ankara zitakaguliwa, kisha mahakama itatamka kama tozo ni halali. Sivyo kabisa. Hakuna shahidi anayepanda kizimbani. Hata mahakama ya ngazi ya kwanza inarukwa; ombi hupelekwa moja kwa moja Mahakama ya Rufani, ndani ya siku 60 tangu uamuzi utolewe. Kwa kawaida majaji watatu husoma jalada lilelile lililokuwa mbele ya Tume.

Wanachokagua ni jinsi Tume ilivyofika kwenye uamuzi wake. Ni kama mwalimu wa hesabu anayedai kuona njia: jibu laweza kuwa sahihi, lakini hatua ya katikati ikikosekana, daftari linarudishwa. Wala haliwezi kujazwa papo hapo. Wakili wa Tume akija na sababu nzuri ambayo haimo kwenye uamuzi wenyewe, haihesabiwi.

Chukua kesi ya kampuni ya meli ya Evergreen. Mei 2020, bandari ya Savannah, Marekani, ilifungwa wikiendi ya sikukuu ya Memorial Day, lakini tozo ya kuchelewa kurudisha kontena ikaendelea kuhesabiwa. Kampuni ya malori TCW ikalalamika. Mwishoni mwa 2022 Tume iliagiza irudishiwe dola 510, kwa hoja kwamba tozo hii ipo ili kumhimiza mtu arudishe kontena, na geti likifungwa hakuna wa kuhimizwa.

Hoja hiyo ina mantiki. Hata hivyo, Julai 2024 mahakama iliutengua uamuzi. Sikukuu ilijulikana mapema; je, tozo ya siku hizo haiwezi kumsukuma mwenye lori arudishe kontena kabla geti halijafungwa? Evergreen iliuliza hivyo, Tume haikujibu ipasavyo. Hapo ndipo ilipoangukia. Majaji hawakusema kutoza siku za kufungwa ni haki. Walirudisha suala Tume lifikiriwe tena. Na dola 510 zilistahili mawakili wote hao, kwa sababu kanuni hiyohiyo hugusa kila kontena linalokwama nje ya geti lililofungwa.

Septemba 2025 mahakama hiyohiyo ilifuta kipande cha kanuni ya Tume ya 2024 kilichosema nani anaweza kupelekewa ankara za tozo hizi, kwa kuwa sababu za kuwaondoa kwenye orodha hiyo wenye malori walio na mkataba na kampuni ya meli zilijipinga zenyewe. Sharti la kutoa ankara ndani ya siku 30 halikuguswa.