4550: mradi unavyomnoa mwalimu wa kompyuta

Mwalimu tarajali anaandika, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, programu ya kujumlisha alama za wanafunzi. Anaingiza 45, kisha 50. Kompyuta inajibu 4550. Haijakosea: amri ya input hupokea kila kinachochapwa kama maandishi, na maandishi yakijumlishwa huungwa tu, moja nyuma ya jingine. Mpaka ayageuze kuwa namba, 95 hataiona.

Kama mkufunzi wa walimu tarajali, ningeweza kuwaeleza hayo ubaoni kwa dakika mbili, nao wakanakili. Lakini aliyehangaika na 4550 mchana kutwa ndiye atakayepita nyuma ya mwanafunzi wake kesho, atupe jicho kwenye skrini na ajue pa kuanzia kuuliza. Ndiyo sababu ya kushikilia ujifunzaji kwa miradi, yaani kujifunza kwa kutenda kazi halisi, katika vyuo vya ualimu.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1918 Mmarekani William Heard Kilpatrick, wa Teachers College jijini New York, aliutaja mradi kwa hatua nne: kukusudia, kupanga, kutekeleza na kutathmini. Wakufunzi wengi tunaanzia ya tatu. Tunatoa mada moja kwa darasa zima muhula ukikaribia kufungwa, kazi zinarudi zimefanana kama mapacha, na hilo nalo tunaliita mradi!

Kukusudia ni kumtafuta mwenye shida. Chukua kazi ya kupanga matokeo ya shule jirani. Mwalimu wa darasa atauliza: aliyekuwa mgonjwa siku ya mtihani aandikiwe nini? Kwenye Excel, kisanduku kitupu hakiingii katika wastani, ila sifuri inaingia. Mwenye 60, 80 na mtihani mmoja aliokosa atapata wastani wa 70 au 46.67, kutegemea kilichoandikwa pale. Na wawili wakifungana nafasi ya tatu, anayefuata ni wa nne au wa tano? Hayo huamuliwa na shule, kwa hiyo mwalimu tarajali hana budi kwenda kuuliza.

Penye ugumu ni kwenye makundi. Watano kwa kompyuta moja, anayejua ndiye anayechapa, wengine wanasindikiza. Kwangu kibodi hubadilisha mikono kila dakika 20, na siku ya kuwasilisha nachagua mstari wowote wa programu, nachagua na wa kuueleza. Alama nyingi naziweka kwenye daftari la mradi: nini kiligoma, ulidhani ni nini, ukajaribu nini. Daftari safi lisilo na kosa hata moja nalisoma mara mbili.