Mtandao si intaneti

Hivi karibuni niliitwa katika maabara ya kompyuta ya shule moja hapa Tanga, nikaambiwa kwamba mtandao umekufa na kipindi kimeahirishwa. Nilipofika, wanafunzi walikuwa wamekwisha kutolewa nje, ilhali taa ndogo za kijani za swichi, kifaa kinachoziunganisha kompyuta zote kwa nyaya, zilikuwa zikimetameta ukutani, na seva, yaani kompyuta inayozihudumia nyingine, yenye mazoezi ya siku hiyo ilikuwa inanguruma hatua tatu tu kutoka meza ya mwalimu. Kilichokuwa kimekwisha ni bando.

Mtandao wa ndani ni kompyuta na vifaa vya eneo moja vilivyounganishwa ili vipeane data, na intaneti ni muunganiko wa mitandao mingi ya dunia nzima.

Neno lenyewe limetokana na kutanda. Wingu hutanda, buibui hutanda utando, na katika ufumaji nyuzi zinazotangulia kunyooshwa huitwa mtande, kabla ya mshindio kupitishwa kuzikingama. Kote huko kilichotandwa hukamilika pale pale kilipotandwa: utando ulio pembeni mwa dari yako hausubiri kuunganishwa na wa nyumba ya jirani ndipo uitwe utando. Anayesema barazani kwamba habari fulani ameiona mtandaoni simlaumu, kwa kuwa sote tunamwelewa. Lakini anayesanifu maabara akiamini kwamba mtandao ni intaneti huanza kwa kuulizia kampuni ya simu na bei ya bando, na nyaya huzikumbuka mwisho.

Kazi huanza kwa kuhesabu. Kompyuta 20, seva, printa na ruta hudai matundu 23 ya kuchomekea nyaya, kwa hiyo swichi ya matundu 24 itabakiwa na tundu moja tu, nami ningeshauri swichi kubwa zaidi. Kila kompyuta huvutiwa waya wake hadi kwenye swichi, usiozidi mita 100. Ruta, ambayo ndiyo mlango wa kwenda kwenye intaneti, inachukua tundu moja tu kati ya hayo yote.

Hata anwani, yaani namba zinazotambulisha kila kifaa mtandaoni, zinashuhudia tofauti hiyo. Zile zinazoanza na 192.168 zilitengwa rasmi mwaka 1996 pamoja na nyingine chache kwa ajili ya mitandao ya ndani, na hazipitishwi kwenye intaneti, ndiyo maana maabara elfu zinaweza kuzitumia kwa wakati mmoja bila kugongana. Mtu wa Ngamiani, hapa Tanga, ukimwambia Barabara ya Nane anakwenda moja kwa moja, lakini barua inayotoka Mwanza ikiwa imeandikwa Barabara ya Nane pasipo jina la mji haitajua pa kuelekea.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, bando likiisha tuwaambie wanafunzi kwamba intaneti imekatika, kisha tuwafungulie zoezi lililomo ndani ya seva.